Udongo Uliolala Kiangazi: Kupima Kifusi Kinavyotitia Chini ya Jengo Kubwa

Mwezi wa nane hapa Lubumbashi kila mwenye pesa anajenga. Mvua imekata tangu mwezi wa nne au wa tano, malori yanaingia shantie, yaani kwenye eneo la ujenzi, bila kukwama, vumbi jekundu limeganda kwenye majani ya miembe, na lateriti, ule udongo mwekundu wa kujazia, inamwagwa mchana kutwa mahali panapotakiwa kusawazishwa. Huo ndio msimu wangu. Mimi ni topografu, mpima ardhi. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusimama na nivo, chombo cha kupimia usawa, kando ya kifusi, yaani udongo uliomwagwa kujazia kiwanja, na kuangalia kama kinashuka, kinashuka kiasi gani, na lini kitaacha kushuka ili watu waweke juu yake depo, shule, kanisa au karakana. Vijana wa shantie wananiita Mama Nivo.

Ninawaandikia vijana wanaoanza kazi hii, na pia wenye majengo, kwa sababu wao ndio wanaokata pesa ya upimaji mapema. Kifusi kilichoshindiliwa kiangazi kinaweza kutulia kabisa mbele ya nivo yako miezi mitatu mizima, halafu kikanywa mvua za kwanza na kushuka zaidi ndani ya wiki mbili kuliko kilivyoshuka tangu kiwekwe. Aliyepima kiangazi peke yake ameona nusu ya habari, na nusu aliyoiona ndiyo ile nzuri.

Nini hasa kinashuka

Ukiona alama imeteremka mm 10, usiseme "kifusi kimeshuka" kabla hujajua ni nini kilichoshuka. Yapo mambo matatu na kila moja lina tabia yake.

La kwanza ni ardhi ya asili iliyo chini ya kifusi. Mita 5 za lateriti iliyoshindiliwa zina uzito wa karibu tani 10 kwa kila mita ya mraba, na uzito huo unaubana udongo wa chini. Kama chini ni mfinyanzi wenye maji, kwa mfano kwenye mabonde yanayoelekea mto Kafubu au Naviundu, maji hayo yanatoka polepole na ardhi inaendelea kushuka kwa miezi, hata miaka. La pili ni kifusi chenyewe kujibana kwa uzito wake. Kikishindiliwa vizuri, sehemu kubwa ya kushuka huko inaisha wakati bado unapandisha tabaka, na kinachobaki ni kidogo, kinachopungua mwaka hadi mwaka. La tatu ndilo linaloniamsha usiku: maji kuingia ndani ya kifusi kilichowekwa kikiwa kikavu mno.

Mwaka 1933 mhandisi Mmarekani, Ralph Proctor, alionyesha jambo ambalo kila mtu wa shantie angepaswa kulijua kama anavyojua saa ya kula. Kwa nguvu ileile ya kushindilia, udongo una kiwango kimoja cha unyevu kinachoufanya ushikamane kuliko viwango vingine vyote. Ukiwa mkavu zaidi ya hapo, mabonge yake yanakuwa magumu kama vigae. Rola inapita juu, mabonge yanategemeana, na kati yake hewa inabaki. Ukiukanyaga unasikia ugumu wa barabara. Siku maji yanapofika, mabonge yanalainika, yanajikunja ndani ya zile nafasi, na kifusi kinatitia bila uzito wowote kuongezeka juu yake. Nusu asilimia tu ya kimo, kwa kifusi cha mita 5, ni mm 25. Kilichoshindiliwa vibaya kinaweza kuvuka asilimia 1 kwa urahisi.

Sasa fikiria Lubumbashi mwezi wa nane: udongo mkavu, upepo mkavu, lori la maji limechelewa, shefu wa shantie anaharakisha. Kila kitu kinatusukuma upande uleule wa kosa. Ndiyo maana karatasi za majaribio ya kushindilia, zile zinazosema "asilimia 95 ya Proctor" (yaani asilimia 95 ya mshikamano wa juu kabisa uliopatikana maabara), nazisoma pamoja na safu ya unyevu iliyo pembeni, ambayo wengi wanairuka. Asilimia 95 iliyopatikana kwenye udongo mkavu kupita kiasi hainitulizi.

Anza na kimo cha kifusi, hata kabla ya kufungua sanduku la nivo

Kiwanja chetu cha kawaida kina mteremko. Wanakata upande wa juu na kujaza upande wa chini, kisha jengo linakaa nusu juu ya ardhi iliyokatwa, ambayo haishuki karibu kabisa, na nusu juu ya kifusi. Chukua karatasi ya miraba, chora jengo, na kwenye kila nguzo andika kimo cha kifusi kilicho chini yake: 0, 0, 1.2, 2.5, 3.7, 4.8. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia pa kuweka alama. Weka nyingi pale namba zinapobadilika haraka, na usikose mstari wenyewe ambapo ardhi iliyokatwa inakutana na kifusi, kwa sababu ufa wa ukuta hupenda kuzaliwa hapo.

Waulize pia wazee wa jirani kilichokuwepo zamani. Hapa Katanga kichuguu ni kilima kizima. Watu wanafyatulia matofali udongo wake, wanakichimba mpaka kiishe, kisha mtu anasawazisha na hakuna anayekumbuka. Lakini chini ya pale palipokuwa na kichuguu pamebaki vyumba na njia za mchwa, na udongo wake ni wa chembe ndogo kuliko wa jirani yake. Mahali hapo napaweka alama hata kama karatasi yangu inasema hapana umuhimu. Vivyo hivyo shimo la zamani la matofali, choo cha zamani, au kisima kilichofukiwa.

Alama mama

Hii ndiyo sehemu ambayo vijana wanaifanya haraka, nami ndiyo ninayoipa siku nzima. Alama mama, ile tunayoiita riperi, ndiyo inayosema nani ameshuka na nani amebaki. Ikishuka yenyewe, jengo lote litaonekana limepanda au limetulia, na utakuwa unaandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Weka tatu, kamwe usiweke moja. Moja ikisogea hutajua. Mbili zikitofautiana hutajua ipi imesogea. Zikiwa tatu, mbili zitamshtaki wa tatu. Ziwe nje ya kifusi, mbali nacho angalau mara tatu ya kimo chake, mbali na njia ya malori, mbali na miti mikubwa inayonyonya maji kiangazi na kuufanya udongo upumue kwa msimu. Usipigilie msumari kwenye ukingo wa barabara ukauita riperi. Njia ninayoipenda ni kutoboa kwa keketa ya mkono hadi udongo mgumu usiobadilika kwa misimu, au hadi mwamba kama uko karibu, kuteremsha nondo nene, kumwaga zege chini tu, kisha kuivalisha nondo bomba la plastiki pana ili udongo wa juu ukipanda na kushuka usiishike. Kichwa chake kiwe cha mviringo, ili mira, ile fimbo yenye namba tunayoisoma kwa nivo, isimame juu ya nukta moja kila mara. Juu yake funika kwa kisanduku cha matofali chenye kifuniko.

Kama pesa haipo kwa zote tatu, mojawapo inaweza kuwa boliti kwenye msingi wa jengo la zamani lisilo na ufa, lile lililokwisha kukaa miongo mingi. Mjini kwetu yapo bado, tangu enzi mji ulipoitwa Élisabethville. Lakini zunguka jengo hilo kwanza na uangalie maji ya paa lake yanaangukia wapi.

Mabamba chini ya kifusi

Bamba la kupimia huwekwa juu ya ardhi ya asili kabla ya lori la kwanza kumwaga. Ukichelewa wiki moja umepoteza kile ambacho huwezi kukirudisha, yaani namba ya kuanzia. Ni bamba la chuma la mraba, sm 60 kwa 60 au zaidi, lililochomelewa bomba katikati. Lilaze juu ya mchanga kidogo uliosawazishwa kwa pima maji. Bomba hilo linavalishwa bomba jingine pana ambalo halifungwi popote, ili kifusi kinachoshuka kisilivute bomba la ndani pamoja nacho. Kadiri kifusi kinavyopanda, unaongeza bomba, kwa kawaida mita moja moja.

Hapa pana kosa moja dogo lenye madhara makubwa. Bomba la "mita moja" lililokatwa kwa msumeno pale karakana halina mita moja, na ukilifunga kwenye kiungo chake urefu unabadilika tena. Kwa hiyo soma kichwa cha bomba kabla ya kuongeza, ongeza, kisha soma tena palepale, siku ileile, nivo ikiwa bado mahali pake. Kama kichwa kilikuwa mita 100.545 na sasa ni 101.558, umeongeza 1.013, na hiyo ndiyo unayoandika. Niliwahi kurithi daftari la mtu aliyeandika 1.000 kila mara. Baada ya mabomba manne kwenye kila bamba, mabamba yake yalionekana yanapanda hewani.

Linda mabomba. Dereva wa gredi yuko juu, vumbi limemjaa machoni, na bomba lako ni jembamba. Panga mapipa mawili yaliyojazwa udongo na kupakwa rangi nyeupe kando ya kila bomba, na uende ukaongee naye kwa adabu asubuhi ya kwanza: "Papa, nakuomba, hapa na hapa kuna macho yangu." Mimi nabeba na chai. Tangu nianze kufanya hivyo mabomba yanayovunjwa yamepungua sana. Kuzunguka bomba, eneo la nusu mita hivi ambalo rola haiwezi kufika, lishindiliwe kwa mkono, tabaka nyembamba, tena wewe ukiwepo. La sivyo utakuwa umechimba mfereji wa mvua kuelekea kwenye bamba lako.

Bamba la chini linasema habari za ardhi ya asili. Ili ujue kifusi chenyewe kinajibana kiasi gani, weka bamba la pili juu yake katikati ya kimo, na la tatu karibu na uso. Ukitoa kushuka kwa bamba la chini kwenye kushuka kwa bamba la juu, unapata kilicholiwa na kifusi katikati yao. Vipo vyombo vya gharama zaidi, vya sumaku, vya maji, vya waya, na kwenye mabwawa ya migodi vina kazi yake. Kwa depo au shule, mabamba na nivo iliyotunzwa vinatosha.

Jengo likianza kusimama, hamia kwenye boliti. Kila nguzo ya pembeni na nguzo zilizochaguliwa za ndani zipate boliti ya kichwa cha mviringo, karibu sm 40 juu ya sakafu. Ziweke mara tu nguzo ikifunguliwa ubao, usingoje paa.

Kusoma

Kabla ya mzunguko wa kwanza wa kila mwezi, ijaribu nivo. Piga vigingi viwili, mita 40 kati yao. Simama katikati kabisa, soma vyote viwili: tofauti hiyo ni ya kweli hata kama nivo imepinda. Kisha hamia karibu na kigingi kimoja, soma tena. Kama tofauti imebadilika kwa zaidi ya mm 2, mpelekee mtaalamu airekebishe. Na kila siku ya kazi, simama katikati ya mira ya nyuma na mira ya mbele, umbali sawa pande zote mbili, kwa sababu usawa huo ndio unaofuta kosa lililobaki.

Nenda alfajiri. Saa kumi na mbili hadi saa tatu hewa imetulia. Baada ya hapo, hasa mwezi wa tisa na wa kumi, joto linapanda kutoka kwenye lateriti na namba za mira zinacheza kama samaki majini. Usisome chini ya nusu mita ya mira, maana mwanga unapinda karibu na ardhi. Na ukiwa kando ya barabara ya Kasumbalesa, ngoja lori lipite, nivo itulie, ndipo usome. Kijana wangu wa mira anajua kuninyooshea mkono lori likikaribia.

Tumia nivo ileile, mira ileile, njia ileile, na ikiwezekana macho yaleyale. Anza kwenye alama mama, pita alama zote, rudi kwenye alama mama. Mzunguko usipofunga, yaani usiporudi kwenye namba ulikoanzia, kosa limo humo. Kipimo changu ni mm 1 mara kipeuo cha pili cha idadi ya vituo: nikisimamisha nivo mara 9, sikubali zaidi ya mm 3. Ikizidi, tunarudia mzunguko wote hata kama njaa inauma. Kijana wangu wa kwanza alilia siku moja niliporudisha mzunguko mara ya tatu. Leo ana shantie zake na bado anafunga mizunguko.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Tuseme alama mama iko kwenye kimo cha mita 100.000. Umesoma mira iliyosimama juu yake 1.482, basi mstari wa nivo uko 101.482. Umesoma juu ya bomba 0.937, basi kichwa cha bomba kiko 100.545. Wiki iliyopita kilikuwa 100.551. Bamba limeshuka mm 6.

Daftarini pembeni ya namba hiyo andika kimo cha kifusi siku hiyo, kama maji yamemwagwa, kama mvua imenyesha, kama lori limeegeshwa juu, kama mtu amechimba mfereji karibu. Namba bila maelezo hayo, baada ya miezi sita, ni fumbo. Chora mistari miwili kwenye karatasi moja, kimo cha kifusi juu na kushuka chini, siku zikiwa zilezile. Mwenye jengo ambaye hajui hesabu ataelewa mchoro huo kwa kuutazama.

Kuhusu mara ngapi: tabaka zikipanda, soma kila mita ya kifusi au kila wiki, chochote kitakachotangulia. Kifusi kikifika kimo chake, kila wiki kwa miezi miwili, kisha kila wiki mbili, kisha kila mwezi. Nguzo zikipanda, soma kila uzito mkubwa unapoongezwa: baada ya sakafu, baada ya kuta, baada ya paa, baada ya depo kujazwa mizigo mara ya kwanza. Hilo la mwisho linasahaulika kila mara, ilhali magunia ya saruji yaliyopangwa hadi darini yanaweza kuwa mazito kuliko jengo lenyewe.

Kubashiri kilichobaki

Ukiwa na vipimo vya muda sawa baada ya kifusi kuacha kupanda, unaweza kukisia kinakoelekea. Mjapani Asaoka alichapisha njia yake mwaka 1978, na toleo lake rahisi la kuhesabu kwa mkono ni hili. Tuseme bamba limeshuka, wiki kwa wiki, mm 14, 22, 28, 32.5, 35.9. Nyongeza ni 8, 6, 4.5, 3.4. Kila nyongeza ni robo tatu ya iliyotangulia. Basi kilichobaki ni nyongeza ya mwisho mara 0.75 gawanya kwa 0.25, yaani mara 3: karibu mm 10. Mwisho wake uko karibu mm 46. Ukiweka kila kipimo dhidi ya kilichokitangulia kwenye karatasi ya miraba utaona nukta zinajipanga mstari mmoja, na pale mstari huo unapokata ule wa nyuzi 45 ndipo mwisho.

Naipenda njia hii, na nimeitumia kuwazuia watu wasimwage sakafu mapema. Lakini inazungumzia ardhi iliyobanwa na uzito inayotoa maji taratibu. Haijui kwamba mwezi wa kumi na moja mvua inakuja. Nukta zake zitajipanga vizuri kiangazi kizima juu ya kifusi kikavu, na zitakupa mwisho usio mwisho.

Depo ya pembeni

Hapa lazima niseme kilichonitokea. Ilikuwa depo ya nguzo zilizotenganishwa kwa mita 6, upande mmoja juu ya ardhi iliyokatwa, pembe ya kusini juu ya mita 4.8 za kifusi. Walijaza mwezi wa saba na wa nane. Nilisoma hadi mwisho wa mwezi wa kumi, na wiki tano za mwisho hakuna alama iliyosogea zaidi ya mm 1. Shefu wa shantie aliniambia, "Mama, udongo umelala. Unapima nini tena?" Mwenye jengo akakubaliana naye, pesa ya upimaji ikakatwa. Nami nilisaini ripoti. Niliandika kwamba kifusi kimetulia, na sikuandika neno moja kuhusu mvua. Sentensi hiyo ilikuwa yangu, na hadi leo ninaijua kwa moyo.

Mwezi wa kwanza nilirudi kwa hiari yangu, kwa sababu boliti zangu zilikuwa bado zimo. Mabomba ya kushusha maji ya paa yalikuwa yamefika hadi kwenye pembe ya kusini na kuishia hapo, juu ya kifusi, bila mfereji. Nguzo ya pembe ilikuwa imeshuka mm 31. Jirani yake, mm 9. Tofauti ya mm 22 kwa mita 6 ni kama sehemu 1 kwa 273, na ukuta kati yao ulikuwa umepasuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, upana wa kuingiza kidole cha mwisho.

Namba hiyo ya sehemu ndiyo ya kushika. Kushuka kwa pamoja hakuvunji jengo. Linalovunja ni nguzo moja kumwacha jirani yake. Wahandisi Skempton na MacDonald mwaka 1956 walikusanya majengo mengi na wakaona kuta zinaanza kupasuka tofauti ikifika karibu 1 kwa 300, na mifupa ya jengo kuumia karibu 1 kwa 150. Mimi nasimamisha kazi kwenye 1 kwa 500. Kwa nguzo za mita 6 hiyo ni mm 12 tu, na mm 20 ndipo ufa. Andika namba hizi mbili kwenye jalada la daftari kabla ya kuanza, zikiwa zimehesabiwa kwa nafasi za nguzo za jengo lako, ili usije ukabishania siku ambayo kila mtu ana haraka.

Tangu depo ile ninafanya mambo mawili. Kwanza, kwenye kifusi chochote kilichowekwa kiangazi naomba eneo la mita 3 kwa 3 mahali kimo ni kikubwa, mbali na pa kuweka msingi. Tunalizungushia tuta dogo, tunapiga alama za nondo ndani na nje yake, tunasoma, kisha tunalijaza maji na kuyaongeza kila yanapokauka kwa siku 10 hivi, tukisoma kila asubuhi. Ni lori moja au mawili ya maji. Alama za ndani zikishuka na za nje zikibaki, kifusi kimejisema chenyewe, na mkutano wa kuamua kukifumua au kukilowesha chote na kukishindilia upya unafanyika kabla ya zege. Zisiposhuka, ninalala kidogo. Maji huenda hayajafika chini kabisa, kwa hiyo la pili linabaki palepale.

La pili ni mkataba. Siku hizi siuzi upimaji wa miezi. Ninauza upimaji hadi mwisho wa masika ya kwanza, yaani msimu mzima wa mvua, baada ya paa kufungwa, na katika ripoti ya kiangazi ninaandika kwa herufi kubwa kwamba ni ya muda. Asiyetaka hivyo namwelekeza kwa mwingine, na nimekosa kazi kadhaa kwa hilo. Wakati wa masika ninasoma baada ya mvua ya kwanza kubwa, wiki moja baadaye, kisha kila wiki mbili. Na kila safari, kabla ya kufungua miguu mitatu ya nivo, nazunguka jengo kwa miguu: maji ya paa yanakwenda wapi, mfereji umezibwa na nini, bomba gani linavuja, nani amechimba shimo la taka penye ukingo wa kifusi.

Alama ikisogea ghafla, usikimbilie kupiga kelele. Rudia usomaji siku ileile ukianzia alama mama nyingine. Ikithibitika, kata maji kwanza: ongeza mabomba ya paa, chimba mfereji, funga bomba linalovuja. Ongeza usomaji uwe wa kila siku mbili. Hamisha mizigo ya depo upande wa pili. Ukuta uliopasuka usiuzibe bado. Ubandikie plasta ya jasi yenye tarehe juu ya ufa, maana ikikatika utajua ufa bado unatembea. Kisha mwite mhandisi wa ujenzi, na umpe daftari lote, si muhtasari.

Na kuacha? Mimi naacha kusoma kila mwezi pale alama zote zimekaa chini ya mm 2 kwa miezi mitatu mfululizo, na miezi hiyo ikiwa imelowa. Baada ya hapo mara mbili kwa mwaka, mwezi wa kumi kabla ya mvua na mwezi wa nne mwishoni mwake, kwa miaka miwili. Daftari halisi linabaki kwa mwenye jengo, nakala kwangu, pamoja na mchoro unaoonyesha kila boliti na kila alama mama ili mwingine aweze kuendelea nisipokuwepo. Kwenye depo ile nguzo ya pembe ya kusini sasa imeshuka jumla ya mm 38, na haijaongeza kitu masika mawili yaliyopita. Mwezi wa kumi nitapita tena, asubuhi, kabla malori hayajaanza.